Jinsi ya kuunda chemba ya vioo na mshipi inayopima muda kwa pikosekunde, na jinsi ya kuijaribu

Pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na pikosekunde 50 ni muda ambao mwanga unakuwa umetembea sentimita moja na nusu tu. Sasa kuna ditekta inayoweza kupima muda huo, tena kwa chembe moja moja inayopita, na ukiifungua ndani unakuta vioo vya kawaida vya dirisha, mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, rangi yenye grafaiti, shiti za plastiki na gesi ileile ya friji na AC za magari. Basi. Kinachoifanya ipime vizuri ni wembamba wa mianya, usafi wa kazi, na vipimo ulivyoifanyia kabla hujaiamini, na hivyo vitatu haviuzwi dukani, ndo maana mwongozo huu umekuwa mrefu.

Kitaalamu inaitwa MRPC, yaani chemba ya bamba zenye ukinzani yenye mianya mingi. RPC yenyewe ya mwanya mmoja ilibuniwa Italia na Rinaldo Santonico na Roberto Cardarelli mwaka 1981, halafu hii ya mianya mingi ikaja 1996 kutoka CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, kwenye kundi la Crispin Williams. Leo jaribio la ALICE pale CERN limezungushiwa zaidi ya mita za mraba 140 za chemba hizi, na Italia kuna mradi wa EEE ambao wanafunzi wa sekondari wanaziunganisha kwa mikono yao, chemba za sm 160 kwa sm 80, wanapimia miale ya anga, yaani chembe zinazoshuka kutoka angani. Kwahiyo usiogope ukubwa wa majina, kazi yenyewe ni ya meza, glavu na subira.

Kwanini mwanya uwe mwembamba

Soma hapa kwanza kabla hujakata kioo, manake ukielewa hii utajua wapi ukaze na wapi ulegeze.

Chembe yenye chaji ikipita kwenye gesi inang'oa elektroni hapa na pale, kwa gesi tunayotumia ni kama vifungu 8 hadi 10 kwa kila milimita. Ukiweka uga wa umeme mkali, elektroni hizo zinakimbia, zinagonga molekuli, zinazaa elektroni nyingine, na nyingine, mpaka linatokea poromoko ambalo linaonekana nje kama pigo dogo la umeme. Swali la muda ni hili: poromoko linachukua muda gani kufika kwenye kizingiti chako (ukubwa ambao pigo likiuvuka ndo linahesabiwa), na muda huo unayumba kiasi gani kati ya chembe moja na nyingine? Jibu linakaribia 1.28 gawanya kwa zao la kasi ya elektroni na kiwango cha kuzaliana kwa kila milimita. Kwenye mwanya wa mm 0.3 wenye uga wa kama kV (kilovolti) 100 kwa sentimita, elektroni zinakwenda mikromita 210 hivi kwa nanosekunde na kiwango cha kuzaliana ni kama 113 kwa milimita, piga hesabu utapata pikosekunde 54. Kwenye mwanya wa mm 2 wa RPC za zamani uga ni kama nusu ya hapo, kuzaliana ni kwa polepole, na myumbo unafika karibu nanosekunde nzima. Gesi haijabadilika sana, vioo ni vilevile, kilichobadilika ni wembamba.

Lakini mwanya mwembamba una ubaya wake, gesi ni kidogo humo ndani kwahiyo chembe nyingine zinapita bila kuacha kitu cha maana, mwanya mmoja wa mm 0.3 unakamata kama asilimia 75 tu. Dawa yake ni kupanga mianya kadhaa. Minne ikikosa yote kwa pamoja ni 0.25 mara yenyewe mara nne, yaani chini ya nusu ya asilimia.

Na uzuri mwingine ambao mimi binafsi naupenda kuliko yote: vioo vya katikati havifungwi waya wowote. Volteji inawekwa kwenye vioo viwili vya nje tu, vya ndani vinaelea na kujipangia volteji vyenyewe, mwanya mmoja ukizidi volteji unakuwa na maporomoko mengi, chaji inayotua kwenye vioo inaushusha mpaka ulingane na wenzake. Inajirekebisha bila wewe kugusa.

Kioo nacho kina kazi yake. Ukinzani wake mahususi ni kati ya om-sentimita 10¹² na 10¹³, kwahiyo poromoko likitua mahali, sehemu hiyo ndogo inakuwa imekufa kwa nusu sekunde hadi sekunde kadhaa hivi na cheche haiwezi kusambaa, huku sehemu nyingine zote zikiendelea na kazi.

Usalama, na hapa sina utani

Tunaenda kwenye volti elfu kadhaa kila upande. Tumia pawa saplai ambayo inajizuia kwenye mikroampia chache, isiwe ile yenye nguvu ya kusukuma mota. Weka rizista ya mega-om 10 kwenye kila waya wa volteji kubwa karibu na chemba. Ukizima usiguse papo hapo, chemba ni kapasita na vioo vinashika chaji, subiri dakika kadhaa, alafu gusisha fimbo yenye waya wa ethi kwenye kila upande ndo uweke mkono. Usifanye kazi hii peke yako ndani ya nyumba.

Gesi zote mbili tutakazotumia haziwaki, na nimezichagua kwa sababu hiyo. Mapishi mengine yana isobutani ambayo inawaka, kwa anayeanza achana nayo kabisa. Ila kutowaka siyo kwamba huwezi kudhurika: R134a (ile ya friji na AC) ni nzito kama mara tatu na nusu ya hewa na SF6 (heksafloridi ya salfa) mara tano, zinakaa chini sakafuni na kusukuma hewa, kwahiyo chumba kiwe na upepo unaopita na bomba la kutolea liende nje.

Vioo na rangi

Chemba ya kuanzia iwe ndogo, sm 20 kwa 30 inatosha. Kwa mianya minne unahitaji vioo vitano: viwili vya nje vya mm 1.9 hivi, vitatu vya ndani vya mm 1.1 au vyembamba zaidi ukipata. Vya ndani vipunguze upana kidogo ili mshipi upate pa kupita. Mkataji avikate kwa mkwaruzo mmoja, na kingo uzisugue kwa msasa laini wa maji, manake ncha kali za kioo ndo zinaanzisha kuvuja kwa umeme.

Sasa rangi. Upande wa nje wa vile vioo viwili unapakwa rangi inayopitisha umeme kidogo. Kidogo, sikiliza hilo neno. Ikipitisha sana inakuwa kama bati, itakinga pigo la poromoko lisifike kwenye stripu zako za kusomea (vipande virefu vya shaba vinavyopokea pigo), na ikipitisha kidogo mno volteji haitasambaa sawasawa. Lenga kati ya kilo-om mia chache na mega-om chache kwa mraba. Grafaiti ya kopo la spreya peke yake mara nyingi inatoa kilo-om chache tu, hiyo haifai, ichanganye na vanishi au rangi ya akriliki mpaka ifike. Tengeneza vipande vya majaribio kwanza kwenye kioo chakavu.

Kupima ni rahisi: chukua vipande viwili vya shaba vilivyonyooka vya sm 5, vikandamize juu ya rangi vikiwa vimelingana na kuachana sm 5 vilevile, hapo eneo la katikati ni mraba, na namba ya multimita ndo om kwa mraba moja kwa moja. Zungusha kipimo pembe zote na katikati. Tofauti ya mara mbili kati ya pembe na pembe haina neno, tofauti ya mara kumi futa upake upya. Acha ukingo wa sentimita moja bila rangi kuzunguka kioo chote (bandika utepe wa mafundi rangi kabla ya kupuliza) na iache ikauke siku mbili tatu kabla ya kupima kwa mwisho, namba inabadilika ikikauka.

Kwenye kona moja bandika utepe wa shaba au wa kaboni wenye gundi inayopitisha umeme, upigie solda waya wa volteji kubwa, alafu funika kiungo chote kwa silikoni. Silikoni iwe ile isiyonuka siki. Inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, itakula shaba yako taratibu na baada ya miezi utakuwa unatafuta tatizo usiloliona.

Kupanga mianya kwa mshipi

Hapa ndo roho ya kazi ilipo, tenga siku nzima, usianze jioni.

Nunua mshipi wa nailoni ulioandikwa mm 0.30 alafu usiamini maandishi, pima kwa maikromita mahali kama kumi kwenye mita chache. Utofauti wa mikromita 20 unavumilika, ukizidi hapo badilisha. Mshipi uwe wa uzi mmoja, siyo wa kusokotwa, na usiwe na rangi inayochujuka, futa kipande kwa kitambaa chenye alkoholi uone.

Osha vioo kwa maji yenye sabuni kidogo, suuza kwa maji safi sana, malizia na alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Kuanzia hapo glavu hazitoki mkononi. Kioo safi kitambue hivi: inamisha kwenye taa kwa pembe ya chini kabisa, kila doa la kidole na kila unywele utaonekana unang'aa. Unywele mmoja una unene wa mikromita 50 hadi 100, umelala ndani ya mwanya wa mikromita 300, fikiria mwenyewe uga wa umeme pale utakuwaje.

Weka kioo cha kwanza mezani, upande wa rangi chini, juu ya shiti ya Mylar (plastiki nyembamba isiyopitisha umeme) na bamba lililonyooka. Pembeni mwa bamba kuna skrubu za nailoni zimepangwa kila baada ya sm 3 au 4. Funga mshipi kwenye skrubu ya kwanza, uvute kuvuka kioo, zungusha kwenye skrubu ya upande wa pili, rudi, hivyo hivyo mpaka mwisho, ukiwa umekaza kiasi kwamba ukiugusa kwa kucha unalia kidogo lakini haukatiki. Weka kioo cha pili, kishushe kuanzia upande mmoja taratibu. Usikiburuze. Ukikiburuza mshipi unabingirika na unachubua. Alafu mshipi wa tabaka la pili, kioo cha tatu, na kuendelea, na hakikisha mishipi ya tabaka zote imelaliana juu ya mstari mmoja, kwa sababu ikipishana kioo kinapinda katikati ya mishipi na mwanya unayumba.

Kabla ya kuweka kila kioo, puliza vumbi kwa pampu ya mkono (usipulize kwa mdomo, una mate na unyevu), angalia tena kwenye taa.

Wengine wanauliza kama mshipi unaweza kuhimili, manake vioo vinavutana kwa umeme. Kwenye uga wa kV 100 kwa sentimita mvutano ni kama paskali 440, kwa chemba ya sm 20 kwa 30 ni sawa na kuweka uzito wa kilo 2.7 hivi juu yake. Mshipi unahimili bila wasiwasi. Na kwa kuwa gesi inazunguka ndani ya boksi zima na siyo ndani ya mianya peke yake, hakuna shinikizo linalosukuma vioo kwa nje. Hii ndo sababu nyingine ya kupendekeza boksi badala ya kugundisha kingo za vioo.

Stripu za kusomea

Juu na chini ya rundo la vioo unaweka tabaka mbili za Mylar kisha bodi yenye stripu za shaba. Upana wa sm 2.5 na nafasi ya milimita 7 kati yao ni vipimo vya chemba za EEE na vinafanya kazi vizuri. Weka stripu pande zote mbili, upande mmoja zinapata pigo chanya na mwingine hasi, ukisoma tofauti yao unapata pigo kubwa maradufu na kelele zinazoingia pande zote kwa pamoja zinafutana.

Kitu kimoja naomba usikikwepe hata kama unabana matumizi: soma kila stripu ncha zote mbili. Pigo linatembea kwenye stripu kwa kama sm 17 kwa nanosekunde, kwahiyo kwenye stripu ya sm 30 tofauti ya chembe iliyopita karibu na iliyopita mbali ni kama nanosekunde 1.8, ukisoma ncha moja tu huo myumbo unazika kabisa pikosekunde zako. Ukisoma mbili, wastani wa nyakati zake hautegemei chembe ilipita wapi, na tofauti yake, ikigawanywa kwa mbili na kuzidishwa na kasi, inakuambia mahali ilipopita. Chaneli zinaongezeka mara mbili, ndiyo, bora upunguze idadi ya stripu.

Boksi na gesi

Boksi la alumini lenye mfuniko na gasketi, tundu la gesi kuingia chini na la kutokea juu, kwa sababu gesi ni nzito na itaisukuma hewa kwenda juu. Bomba la kutokea lipitie kwenye chupa yenye mafuta, mapovu yatakuonyesha gesi inatembea na mafuta yatazuia hewa kurudi. Jaribu uvujaji kabla ya volteji: weka shinikizo dogo, mrija wa U wenye maji ukisoma sm 2 au 3, funga, subiri nusu saa. Maji yakishuka tafuta kwa povu la sabuni, na kwa kawaida utakuta kwenye viungo vya nyaya.

Mchanganyiko wa kuanzia, R134a asilimia 93 hadi 98 na SF6 inayobaki. ALICE wanatumia 93 kwa 7, EEE walitumia 98 kwa 2. Kazi ya SF6 ni kumeza elektroni za ziada ili poromoko lisigeuke kuwa strima, yaani pigo nene linaloharibu muda. Pitisha gesi ya ujazo wa boksi mara tano angalau kabla ya kuwasha, kwa hesabu ya kuchanganyika vizuri hewa inayobaki ni chini ya asilimia moja, mara kumi ni bora zaidi. Baada ya hapo mtiririko mdogo, ujazo mmoja au miwili kwa siku inatosha.

Gesi hizi zinachangia sana joto la anga la dunia, R134a inahesabiwa kama mara 1430 ya kaboni dioksidi na SF6 zaidi ya mara 22,000. Kwahiyo boksi lisilovuja na mtiririko mdogo siyo suala la gharama tu. Gesi ya HFO-1234ze ndo mbadala unaojaribiwa na vikundi vingi, athari yake ni ndogo sana ila inadai volteji kubwa zaidi, anza na ya kawaida kwanza ujue tabia ya chemba yako.

Mabomba ya gesi yawe ya shaba au chuma cha pua. Hili lina historia: chemba za vioo za jaribio la Belle kule Japani zilianza kupoteza ufanisi mapema kabisa kwa sababu unyevu ulikuwa unapenya kwenye mabomba ya plastiki, maji na gesi hii ndani ya umeme vinatengeneza asidi ya hidrofloriki ambayo inakula uso wa kioo, na wakabadilisha mabomba kuwa ya shaba. Mita chache za bomba la plastiki laini zinaweza kukuulia chemba uliyoihangaikia wiki nzima.

Kupandisha volteji

Kwa mianya minne ya mm 0.3 jumla ya gesi ni mm 1.2, ukitaka kV 100 hadi 108 kwa sentimita ni kama kV 12 hadi 13 kwa jumla, igawe kuwa chanya 6 hadi 6.5 na hasi 6 hadi 6.5. Kugawa hivi kunapunguza nusu ya matatizo ya kuvuja kwenda kwenye boksi. Usiwashe volteji ya kazi chemba ikiwa na hewa.

Panda volti 500 kwa hatua, subiri karenti itulie, andika, panda tena. Juu ya kV 10 jumla panda volti 100 au 200. Siku ya kwanza karenti itakuwa juu na itaruka ruka, iache usiku kucha kwenye volteji ya chini kidogo, vumbi dogo linaungua na chemba inatulia. Chemba ndogo iliyotulia inakula nanoampia chache hadi makumi.

Chora karenti dhidi ya volteji, mchoro huu unaongea. Ikiwa inapanda kwa mstari ulionyooka tangu volteji za chini, huo ni uvujaji juu ya uso, uchafu au unyevu au ukingo wa rangi uko karibu mno na skrubu. Ikiwa imelala chini kabisa kisha inapinda kwenda juu mwishoni, hiyo ni gesi inafanya kazi, hongera. Ukizima taa za chumba na kusikia mlio wa tss tss au kunusa ozoni nje ya boksi, shuka, kuna kiungo hakijafunikwa.

Elektroniki

Pigo lina chaji ndogo mno, chini ya pikokulombu moja kwa sehemu ya haraka, na linapanda ndani ya nanosekunde moja au chini. Unahitaji amplifaya ya kasi na diskrimineta, yaani saketi inayotoa ishara pigo likivuka kizingiti. ALICE walitengeneza chipu ya NINO yenye chaneli 8 kwa kazi hii hasa, ukipata nafasi ya kuazima chukua. Usipopata, transista za kasi za masafa ya redio zinafanya kazi, na ingizo la LVDS (linalosoma tofauti ya nyaya mbili) la FPGA (chipu unayoipangia saketi mwenyewe) linaweza kuwa diskrimineta, na FPGA hiyohiyo inaweza kuwa TDC, yaani saa ya kielektroniki inayogeuza muda kuwa namba, yenye usahihi wa pikosekunde 10 hadi 20, hii ndo njia ya bei nafuu kuliko zote kwa chaneli nyingi. Kwa chaneli nne tu, bodi yenye chipu ya DRS4 kutoka Paul Scherrer Institute Uswisi ni nzuri zaidi, inarekodi umbo zima la pigo na utachezea data yako utakavyo.

Kanuni ya kukumbuka: myumbo wa elektroniki ni kelele gawanya kwa mwinuko wa pigo. Kelele milivolti 2, pigo linapanda milivolti 100 kwa nusu nanosekunde, unapata pikosekunde 10. Ukitumia amplifaya ya polepole inayochukua nanosekunde 5, hapohapo umeenda 100 na chemba yako haina kosa lolote. Amplifaya ikae juu ya boksi, waya usizidi sentimita chache, na ethi ya boksi, bodi na pawa saplai zikutane mahali pamoja.

Jaribio la ufanisi

Chanzo cha chembe ni cha bure, myuoni za miale ya anga (chembe kama elektroni ila nzito zaidi), kama moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Weka sintileta (ditekta ya plastiki inayotoa mwanga chembe ikipita) moja juu ya chemba na nyingine chini, zote ndogo kuliko eneo la stripu na ziwe zimelingana. Kila zinapopiga pamoja, uliza: chemba imeona? Walioonwa gawanya kwa jumla ndo ufanisi.

Anza volteji ya chini, panda kwa volti 200. Utaona unapanda kutoka karibu sifuri, kisha unalala juu ya asilimia 95 na kuendelea. Fanya kazi volti mia chache juu ya mahali palipoanza kulala, siyo mwisho wa juu. Kwa kila hatua kusanya angalau matukio 1000, kwa ufanisi wa asilimia 95 kosa linakuwa 0.7, na kwa sintileta za sm 10 kwa 10 jiandae kusubiri zaidi ya dakika kumi, mara nyingi sana zaidi kwa sababu kadiri unavyozitenganisha ndo idadi inavyopungua. Ukilala kwenye 85 na haipandi, kabla hujailaumu gesi angalia kama sintileta zinachungulia nje ya stripu.

Pamoja na ufanisi andika vitu viwili vingine: kasi ya kelele bila sintileta (chemba nzuri inakuwa chini ya 1 kwa sekunde kwa sentimita ya mraba) na histogramu ya ukubwa wa mapigo. Histogramu ikianza kuota nundu ya pili mbali kulia, hizo ni strima, shusha volteji au ongeza SF6.

Jaribio la muda

Unahitaji chemba mbili zinazofanana, moja haiwezi kujipima. Zipange moja juu ya nyingine, chukua wastani wa ncha mbili kwa kila moja, toa moja kwa nyingine, chora histogramu. Upana wake, sigma, ugawe kwa mzizi wa pili wa 2, ndo usahihi wa chemba moja. Kama unaona histogramu nene isiyopendeza usikate tamaa bado, kuna sahihisho halijafanyika: mapigo makubwa yanavuka kizingiti mapema kuliko madogo. Chora muda dhidi ya ukubwa wa pigo, au dhidi ya muda ambao pigo limekaa juu ya kizingiti, utaona mstari uliopinda, utoe kwenye kila tukio, kwa chemba zote mbili, alafu rudia mara moja au mbili mpaka mchoro ulale. Histogramu itasinyaa mbele ya macho yako, na ni raha kubwa sana kuiona.

Chemba ziwe karibu kwa kipimo hiki. Zikiachana sm 10, myuoni iliyoinama digrii 20 inatembea milimita 6 zaidi ya iliyonyooka, hizo ni pikosekunde 21 ambazo siyo kosa la chemba. Na kata matukio yaliyopita sentimita moja ya mwisho kwenye ncha za stripu.

Sasa kipimo ambacho mimi sikubali namba ya mtu mpaka akifanye. Baada ya kupata sigma, inua chemba ya juu mita moja kamili bila kugusa nyaya wala kizingiti, tumia nyaya zilezile tangu mwanzo. Kilele cha histogramu lazima kisogee nanosekunde 3.3, kwa sababu myuoni nyingi zinakwenda karibu na kasi ya mwanga. Chagua zilizonyooka kwa kutumia mahali zilipopita kwenye stripu. Kikisogea 3.3, saa yako inasema kweli. Kikisogea 2.9 au 3.8, TDC yako haijakalibrishwa au kuna mapigo ya nyaya yanayokudanganya, na ile sigma nzuri uliyoifurahia haina maana bado.

Kuitunza ikiendelea kufanya kazi

Rekodi joto na shinikizo la hewa kila unaporekodi data. Gesi ikiwa nyepesi elektroni zinapata mwendo mrefu, kwahiyo volteji inayohitajika inafuata msongamano: zidisha volteji ya kawaida kwa shinikizo la sasa gawanya kwa la rejea, kisha kwa joto la rejea gawanya kwa la sasa, joto liwe kwenye kelvini. Chemba iliyotaka kV 12 kwenye hektopaskali 1000 itataka 10.2 tu kwenye 850, mtu akiipeleka sehemu ya mwinuko bila kushusha atadhani imeharibika. Kioo nacho kinabadilika, ukinzani wake unashuka kama mara kumi kwa kila digrii 25 joto linapopanda, kwahiyo mchana wa joto karenti ikipanda kidogo na ufanisi uko palepale, iache.

Ukiona karenti inapanda wiki hadi wiki kwenye joto lilelile, badilisha kwanza silinda na uangalie unyevu kwenye mabomba, ongeza mtiririko wa gesi siku mbili tatu, linganisha na mchoro wako wa karenti wa siku ya kwanza. Kufungua boksi iwe hatua ya mwisho kabisa, na ukilazimika, siku hiyo glavu, taa ya pembeni na kitambaa viwe tayari mezani kabla hujalegeza boliti ya kwanza.